Shamba Lililokuwa Darasa: Mafunzo ya Shule ya Litowa, Songea, kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Kila mwanachuo wa ualimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha hukuta katika ratiba ya shule, au nje ya ratiba hiyo, saa kadhaa za kazi za mikono. Wanafunzi huitwa, hushika majembe, hugawiwa matuta, na mwalimu wa zamu husimama kandoni. Kazi ikiisha majembe hurudishwa stoo, wanafunzi hunawa mikono, na kengele ya somo la Hisabati hupigwa. Darasani mwalimu huandika ubaoni: "Shamba lina urefu wa mita 50 na upana wa mita 20. Tafuta eneo lake." Shamba hilo haliko popote. Lile waliloliacha dakika kumi zilizopita, ambalo lina urefu na upana wake, hakuna aliyelipima.

Makala haya yanahusu pengo lililopo kati ya shamba na ubao. Yanakusudia kuonyesha kwamba kazi ya mikono peke yake haimfundishi mtoto jambo kubwa. Kazi huwa somo pale tu mwanafunzi anaposhiriki kuipanga, kuipima, kuihesabu na kuamua juu ya mazao yake. Kwa kuwa jambo hili si geni katika nchi yetu, tutaanza na historia. Tutatazama kwanza shule za kati za wakati wa ukoloni, kisha shule ndogo iliyoendeshwa na wanakijiji wenyewe huko Litowa, wilayani Songea, katika miaka ya 1960. Baada ya hapo tutatoa mfano wa somo ambalo mwanachuo anaweza kulijaribu katika shule yoyote yenye kipande cha ardhi.

Shule za kati na jembe

Wazee wetu wengi waliosoma katika miaka ya 1950 hukumbuka shule ya kati. Wakati huo elimu ya Mwafrika wa Tanganyika iligawanywa katika vituo vitatu: miaka minne ya shule ya msingi, miaka minne ya shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, na miaka ya sekondari kwa wachache mno. Watoto wengi waliishia darasa la nne. Waliobahatika kuingia shule ya kati walikuta masomo yenye mwelekeo wa kilimo na kazi za mikono, na shule nyingi za aina hiyo zilikuwa na mashamba.

Juu juu mpango huo ulionekana mwema, kwani nchi ilikuwa ya wakulima na ilifaa watoto wajifunze kilimo. Hata hivyo, wazazi na wanafunzi hawakuupenda, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mwelekeo huo ulikuwa umeachwa. Kwa nini? Wako waliosema kwamba Mwafrika aliyesoma anadharau jembe. Jibu hilo ni jepesi mno. Mzazi alitazama jinsi mambo yalivyokuwa: mtoto wa Mzungu hakufundishwa kupalilia, na aliyepata cheo na mshahara alikuwa yule aliyejua Kiingereza na hesabu. Mwanafunzi naye alitazama shamba la shule. Mtu mwingine ndiye aliyeamua kipandwe nini, na mtu mwingine ndiye aliyeamua mazao yaende wapi. Yeye alitoa nguvu zake tu. Kulima kwa namna hiyo alikuwa ameshakujua nyumbani kabla hajaanza shule, na pengine nyumbani alijifunza zaidi, kwa sababu huko alimsikia baba au mama akieleza kwa nini mbegu hii na si ile.

Mwanachuo aliweke moyoni jambo hili, kwa maana tutalirejea: watoto wa shule za kati hawakuchukia udongo, bali walichoshwa na kazi isiyokuwa yao.

Shule ya wanakijiji wa Litowa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha ushirika mahali paitwapo Litowa, wilayani Songea. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vingine vikafuata mfano huo, na vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho katika siku zake za nguvu kilikuwa na vijiji vipatavyo 17. Mshauri wao alikuwa Mwingereza Ralph Ibbott, ambaye aliishi Litowa pamoja na familia yake. Vijiji hivyo vililima kwa pamoja, viliendesha kinu cha kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao, na wanakijiji waliamua mambo yao katika mikutano.

Muda haukupita wakakutana na swali ambalo kila mzazi hukutana nalo: watoto wetu wasome shule gani? Kama wangewapeleka katika shule ya kawaida, wangefundishwa kwamba mafanikio ni kutoka kijijini. Kwa hiyo walianzisha shule yao wenyewe. Haikuwa shule ya misheni, wala haikuanzishwa na serikali. Ilikuwa shule ndogo iliyopokea watoto kutoka vijiji vya chama, na baadhi yao waliishi papo hapo shuleni. Mwalimu mkuu wake, Suleman Toroka, alipata baadaye kuandika kwa ajili ya walimu wenzake maelezo ya jaribio lao. Kijana wa Kimarekani aliyekaa hapo kwa muda, Kate Wenner, naye aliandika kitabu kiitwacho Shamba Letu, kilichotoka mwaka 1970.

Rais Julius Nyerere aliijua Litowa na alipendezwa nayo. Mwezi Machi 1967 alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na wanaohistoria elimu ya Tanzania huitaja Litowa miongoni mwa mifano iliyokuwa mbele yake alipouandika. Waraka huo ulitaja kasoro za elimu tuliyorithi: ilikuwa ya wachache, iliwatenga vijana na jamii yao, iliwafanya waamini kwamba ujuzi wote umo vitabuni, na iliwaondoa katika uzalishaji mali watu wenye nguvu. Ulikumbusha pia kwamba kati ya kila watoto 100 waliokuwa wakimaliza shule ya msingi wakati ule, wapatao 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Je, wale 87 walikuwa wamesomeshwa kwa ajili gani? Ndilo swali ambalo wanakijiji wa Litowa walikuwa wameshaanza kulijibu kwa vitendo.

Njia walizozifuata

Kutokana na maelezo yaliyoachwa na watu walioishi huko, tunaweza kuchagua mambo manne ambayo mwalimu wa leo anaweza kujifunza.

La kwanza, masomo yalitoka katika maisha ya kijiji. Hesabu, kusoma, kuandika na maarifa ya jamii hayakuachwa, bali yalipata kazi ya kufanya. Kijiji kinachogawana mavuno kina haja ya mtu ajuaye kugawanya. Kijiji chenye kinu kina haja ya mtu ajuaye kutunza daftari. Kijiji kinachotaka watoto wake wasife utotoni kina haja ya watu wanaoelewa chakula bora na maji safi. Mtoto aliyaona mahitaji hayo kwa macho yake, na hakuhitaji kuambiwa kwamba elimu ina faida.

La pili, wanafunzi walishiriki katika uendeshaji wa shule. Kama wazazi wao walivyokaa katika mkutano wa kijiji, wao nao walikutana, walizungumza na walipanga kazi zao. Hapa mwanachuo atofautishe. Kiranja anayetumwa na mwalimu kuandika majina ya wapigao kelele hajashiriki katika uendeshaji. Ametumika kama mlinzi. Kushiriki ni kupewa jambo la kweli la kuamua, lenye matokeo ambayo walioamua watayaona.

La tatu, shule haikuendeshwa kwa fimbo. Hili linatugusa kwa karibu. Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu zinaeleza kwamba viboko visizidi vinne, na kwamba anayeruhusiwa kuvitoa ni mwalimu mkuu au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mwanachuo afahamu basi kwamba hana ruhusa ya kutembea na fimbo darasani. Lakini kuna jambo jingine ambalo kanuni hazilisemi, nalo ni desturi ya kutoa kazi kama adhabu: aliyechelewa apalilie, aliyefanya kelele achote maji, aliyeshindwa hesabu afyeke uwanja. Katika shule moja niliyopata kuitembelea, nilimwuliza mtoto wa darasa la sita shamba lile kubwa lililo nyuma ya madarasa ni la nani. Alijibu bila kusita, "Ni la wachelewaji." Mwalimu wa shule hiyo angefundishaje kilimo? Jembe lililotumika jana kama fimbo haliwezi kugeuka kitabu leo.

La nne, mwalimu hakujitenga na kazi. Shule ilikuwa sehemu ya kijiji, na walimu walikuwa sehemu ya jumuiya iliyolima. Mwalimu anayeshika jembe pamoja na wanafunzi wake anapata nafasi ambayo asimamaye kivulini haipati: anasikia maswali yao. Mtoto anayeona aibu kuuliza darasani huuliza akiwa ameinama kwenye tuta. Kwa nini mahindi ya upande ule ni ya manjano? Kwa nini mchwa hawali mhogo ule? Maswali hayo ndiyo mwanzo wa somo la Sayansi la kesho.

Tuongeze kwamba udogo wa shule ulisaidia. Katika shule ndogo walimu huwajua watoto kwa majina na kwa tabia, na mkutano wa wanafunzi huweza kumsikiliza kila mmoja. Mwanachuo atakayepewa darasa la watoto 90 atasema kwamba haya hayamhusu. Yanamhusu. Darasa kubwa laweza kugawanywa katika vikundi, na kila kikundi kikapewa kipande chake cha shamba, daftari lake na mkutano wake. Hivyo ndani ya shule kubwa huzaliwa shule ndogo nyingi.

Mfano wa somo: shamba la darasa la tano

Somo lifuatalo halikunakiliwa kutoka Litowa. Limetungwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata misingi tuliyoieleza. Tuseme darasa lina wanafunzi 36 na limepewa shamba la mita 20 kwa mita 15. Katika Songea mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mnamo Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo maandalizi yaanze Oktoba.

Shabaha: wanafunzi waweze kupima eneo, kugawanya urefu kwa nafasi, kutafuta asilimia, na kutunza daftari la mapato na matumizi.

Zana: kamba ya mita 20 yenye fundo kila baada ya sentimita 50, kijiti cha sentimita 75, mambo za kufungia kamba, mizani ndogo, ya kuazima dukani ikibidi, mahindi ya mbegu, daftari moja kwa kila kikundi cha wanafunzi sita.

Hatua ya kwanza: kukadiria na kupima. Kabla ya kutoa kamba, kila kikundi kikadirie kwa macho urefu na upana wa shamba na kuandika makadirio yake. Kisha kipime kwa hatua za miguu, na mwisho kwa kamba. Majibu matatu yalinganishwe. Eneo litapatikana kuwa mita za mraba 300. Mwalimu asiharakishe hapa, kwa sababu mtoto aliyekosea makadirio kisha akajisahihisha mwenyewe hatausahau urefu wa mita moja.

Hatua ya pili: mistari na mashimo. Mwalimu aeleze kwamba nafasi kati ya mstari na mstari itakuwa sentimita 75, na kati ya shimo na shimo sentimita 50. Aulize: katika upana wa mita 15 tutapata mistari mingapi? Wengi watagawanya 1,500 kwa 75 na kujibu 20. Mwalimu asiseme ndiyo wala hapana. Awape kijiti na mambo, waanze ukingoni kabisa mwa shamba. Wakimaliza watahesabu mistari 21. Hapo patazuka ubishi, na ubishi huo ndio somo. Kidogo kidogo wataona kwamba walichokipata kwa kugawanya ni idadi ya nafasi, na kwamba nafasi 20 zina mistari 21 ikiwa mistari ya mwisho iko ukingoni. Kisha waulizwe: tufanyeje tupate mistari 20 kamili? Mmoja wao atagundua kwamba yafaa kuanza nusu ya nafasi kutoka ukingoni. Kosa hilo huwasumbua hata watu wazima wanaojenga uzio, nalo ni vigumu kulieleza ubaoni. Shambani linajieleza lenyewe.

Kwa njia hiyo hiyo watapata mashimo 40 katika kila mstari wenye urefu wa mita 20. Mistari 20 mara mashimo 40 ni mashimo 800. Wakitia punje mbili katika kila shimo, watahitaji punje 1,600.

Hatua ya tatu: tuombe mbegu kiasi gani? Dukani mbegu haziuzwi kwa punje. Wanafunzi wapime gramu 50, wahesabu punje zake, kisha watafute gramu za punje 1,600. Hapa uwiano unapata maana, kwani wakikosea watapungukiwa na mbegu katikati ya shamba.

Hatua ya nne: kuhesabu yaliyoota. Baada ya siku kumi hivi kila kikundi kihesabu mashimo ambayo hayakuota. Tuseme katika mashimo 800 ni 60 ambayo hayana kitu. Hiyo ni asilimia 7.5. Kikundi gani kimepata asilimia kubwa zaidi? Kwa nini? Je, walifukia kwa kina mno? Kulikuwa na mchwa? Ndege? Watoe sababu, wachimbe waone, kisha waandike. Hapo tumeshaingia katika Sayansi, na wakiandika taarifa ya kikundi tumeingia katika Kiswahili. Wanaopima mvua kila asubuhi kwa kipimamvua walichokitengeneza kwa chupa wanafanya Jiografia.

Hatua ya tano: hesabu ya mwisho. Baada ya mavuno, tuseme darasa limepata kilo 60 za mahindi yaliyopukuchuliwa, na limeyauza kwa shilingi 800 kila kilo. Bei hizi ni za mfano tu. Wanafunzi watumie bei za soko lao. Mapato ni shilingi 48,000. Matumizi yalikuwa mbegu shilingi 5,000, mbolea shilingi 14,000 na gunia shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 21,000. Ziada ni shilingi 27,000.

Walimu wengi wangeishia hapo na kupiga makofi. Yafaa kusonga mbele hatua moja. Daftari la kila kikundi linaonyesha saa za kazi. Ikiwa kila mwanafunzi alifanya kazi kwa saa 10 katika msimu mzima, wanafunzi 36 walitoa saa 360. Gawanya shilingi 27,000 kwa saa 360: kila saa imeleta shilingi 75. Waache wanafunzi waitazame hesabu hiyo kimya kwa muda. Kisha uliza: je, tumefanya vema? Tungepanda maharage katikati ya mistari, ziada ingekuwa ngapi? Tungetengeneza mboji badala ya kununua mbolea? Tungengoja na kuuza mwezi wa Januari wakati mahindi yanapoadimika? Au saa zile tungezitumia kwa kazi nyingine?

Mwalimu asiogope maswali hayo. Mtoto anayejua kuuliza saa yake ya kazi imezaa nini amepata elimu ambayo wakulima wengi wameikosa, na ambayo mnunuzi wa mazao angependa waendelee kuikosa.

Hatua ya sita: mkutano. Mwisho darasa likutane chini ya mwenyekiti waliyemchagua, na katibu aandike kumbukumbu. Ajenda ni moja: matumizi ya ziada. Mwalimu awepo, aseme yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, kisha anyamaze. Wakiamua kununua mpira badala ya vitabu, wanunue mpira. Uamuzi ambao mwalimu huubatilisha usipompendeza haukuwa uamuzi. Kabla ya kuanza jambo hili mwanachuo azungumze na mwalimu mkuu na kupata kibali chake, ili wanafunzi wasije wakaahidiwa kitu ambacho hakitatimizwa. Kuwavunja moyo watoto baada ya kuwapa mamlaka ni kubaya kuliko kutowapa kabisa.

Matatizo yanayoweza kutokea

Haitakuwa haki kumwonyesha mwanachuo upande wa jua tu.

Baada ya mwaka 1967 shule nyingi nchini zilipokea Elimu ya Kujitegemea kwa kuongeza saa za kulima. Waraka wenyewe haukusema hivyo. Ulisema wanafunzi washiriki kupanga, watunze hesabu na waamue pamoja juu ya ziada. Lakini kupima ekari na magunia ni rahisi kuliko kupima fikra. Mkaguzi akija huonyeshwa gunia. Ndivyo ugonjwa wa zamani wa shule za kati ulivyorudi ukiwa na jina jipya.

Pili, liko swali la mzazi, nalo ni la haki: "Mwalimu, mwanangu atafaulu mtihani?" Mwanachuo asilijibu kwa hotuba. Alijibu kwa daftari la mtoto. Ikiwa kazi ya shambani haikumfanya mtoto ajue asilimia, eneo na uwiano vizuri kuliko yule aliyefundishwa ubaoni peke yake, basi mzazi ana haki ya kulalamika. Elimu ya kazi isiwe kisingizio cha kumnyima mtoto wa mkulima masomo ambayo mtoto wa tajiri anayapata.

Tatu, njia hizi hazikuanza Songea wala hazikuishia hapo, na penginepo zilikutana na vikwazo vyake. Huko Chicago, Marekani, John Dewey alifungua mwaka 1896 shule ndogo iliyounganishwa na chuo kikuu, ambamo watoto walijifunza kwa kupika, kufuma na kujenga. Huko Serowe, Botswana, Patrick van Rensburg alianzisha mwaka 1963 shule ya Swaneng Hill, ambayo wanafunzi walishiriki kuijenga kwa mikono yao. Katika shule za namna hii swali moja huzuka daima: je, jamii iliyo nje ya ua wa shule inamthamini mtu kwa kazi yake, au kwa cheti chake? Shule haiwezi kulijibu swali hilo peke yake.

Litowa yenyewe ilipata jibu chungu. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na mali zake zikachukuliwa. Shule ya wanakijiji ikakoma kuendeshwa kama walivyoianzisha. Ni ajabu ya historia kwamba shule iliyosaidia kuzaa sera ya nchi nzima haikudumu zaidi ya miaka miwili na miezi kadhaa baada ya sera hiyo kutangazwa. Wanahistoria wameeleza sababu kadhaa, lakini kwa mwalimu fundisho ni hili: watu waliozoea kuamua mambo yao huonekana wagumu mbele ya wale waliozoea kuwaamulia. Mwalimu anayetaka wanafunzi wafikiri ajiandae kuvumilia siku watakapofikiri tofauti na yeye.

Hitimisho

Leo neno amali limerudi katika midomo ya watunga mitaala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na walimu wa shule za msingi wanahimizwa kujenga umahiri badala ya kukaririsha. Hiyo ni nafasi njema, na ni nafasi inayoweza kupotea kama zilivyopotea zile za miaka ya 1950 na ya baada ya 1967, iwapo tutaongeza vifaa na saa za kazi bila kuongeza sauti ya mwanafunzi.

Mwanachuo anayekwenda mazoezi hawezi kubadili sera wala kujenga kijiji. Anaweza kubeba kamba yenye mafundo na daftari moja. Siku atakapowaona wanafunzi wake wakibishana kama mistari ni 20 au 21, huku matope yakiwa miguuni mwao, atakuwa ameanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Chunguza kazi za mikono katika shule uliyofanyia mazoezi. Nani huamua kipandwe nini? Nani hutunza hesabu? Nani huamua matumizi ya mazao?

2. Tofautisha kazi kama somo, kazi kama adhabu na kazi kama mchango wa uendeshaji wa shule. Toa mfano mmoja wa kila aina.

3. Andaa andalio la somo la vipindi viwili kwa darasa la nne ukitumia bustani ya mchicha au banda la kuku badala ya shamba la mahindi.

4. Mzazi amekuja shuleni akilalamika kwamba mwanawe analimishwa badala ya kusomeshwa. Igizeni mazungumzo yake na mwalimu. Mwalimu atumie madaftari ya wanafunzi kama ushahidi wake.

5. Wanafunzi wameamua katika mkutano wao jambo ambalo wewe mwalimu unaliona si la busara, ingawa halina madhara. Utafanya nini, na kwa nini?